Limfoma kwa watoto: tiba zilivyo, na pale mzazi anapokuwa na la kuchagua

Mzazi akishaambiwa mwanawe ana limfoma, swali linalomtoka ni "tiba ipi ni nzuri kuliko zote?" Ni swali la haki, ila limetangulia mno. Limfoma ni ukoo mzima wa saratani zinazoanzia kwenye limfosaiti, zile seli nyeupe za kinga zinazokaa kwenye tezi, wengu, uboho na kuta za utumbo, na ndugu wa ukoo huo hawafanani. Dawa zinazomponya mtoto mmoja kwa miezi minne, kwa mwingine hazitoshi hata zikitolewa mwaka mzima.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya uamuzi haimo mikononi mwa mzazi. Imo kwenye jibu la maabara. Lakini zipo njia panda kadhaa ambapo hata madaktari hawakubaliani, na hapo neno la mzazi lina uzito. Hizo ndizo ninazotaka kuzilinganisha. Kipimo changu ni kilekile kote: mtoto atalipa nini mwaka huu, na atalipa nini akiwa na miaka 30. Watoto wengi wenye limfoma hupona wakitibiwa vizuri, kwa hiyo huyo mtu mzima wa miaka 30 yupo njiani, na ana haki ya kufikiriwa leo.

Kipande cha uvimbe kwanza

Njia panda ya kwanza huja kabla ya dawa: kuvuta seli kwa sindano nyembamba, au kutoa tezi nzima? Sindano ni ya haraka na haiachi kovu. Ila kwa limfoma, mtaalamu wa maabara anahitaji kuona seli zilivyojipanga ndani ya tezi, si seli zenyewe tu, na sindano nyembamba humletea vipande visivyo na mpangilio. Tezi nzima, au walau kipande kikubwa, ndicho kinachotoa jibu la kuaminika. Isipokuwa pale uvimbe unapojaza kifua. Mtoto wa namna hiyo akilazwa chali na kupewa nusukaputi, njia ya hewa inaweza kufunga. Kwake daktari atatafuta mlango mwingine: maji yaliyojaa pembeni ya pafu, uboho, au tezi ya shingoni kwa ganzi ya hapohapo.

Na kuna jambo dogo linaloharibu kazi kubwa. Prednisoloni na steroidi nyingine, ambazo watoto hupewa kwa pumu au mzio, huweza kuuyeyusha uvimbe wa limfoma kwa siku chache na kuficha jibu. Kama mtoto alikwisha zinywa, daktari aambiwe.

Ndugu wanne kwa mtazamo mmoja

| | Hodgkin | Burkitt na B ya seli kubwa | Limfoblasti | Anaplastiki ya seli kubwa |
|---|---|---|---|---|
| Mwendo | Polepole, wiki hadi miezi | Burkitt hukua kwa siku | Haraka | Hubadilikabadilika |
| Huonekana sana | Shingo na kifua | Tumbo, taya | Kifua | Tezi, ngozi, pengine mapafu |
| Muda wa tiba | Miezi 2 hadi 6 | Wiki kadhaa hadi miezi 6 hivi | Miaka 2 au zaidi kidogo | Miezi 5 hivi |
| Mionzi | Kwa baadhi | Karibu haitumiki | Nadra | Nadra |
| Sindano ya uti wa mgongo | Hapana | Ndiyo, kwa wengi | Ndiyo, mara nyingi | Ndiyo, mara chache |

Upasuaji haumo humo kwa makusudi. Wazazi wengi huuliza kwa nini uvimbe usikatwe tu. Sababu ni kwamba limfoma husafiri na damu na limfu tangu mapema, kwa hiyo kukata uvimbe ni kukata jani na kuacha mzizi. Vipo vighairi: Hodgkin ya aina adimu ya limfosaiti nyingi, ikiwa kwenye tezi moja iliyotolewa yote, inaweza kufuatiliwa bila dawa, na Burkitt iliyoziba utumbo, ikitoka yote, hupunguza mizunguko ya dawa hadi miwili.

Hodgkin: mionzi au bila mionzi

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli kuliko kwingine kote.

Mionzi ndiyo iliyoanza kuponya Hodgkin. Kwa miaka mingi watoto walipigwa kati ya grei 35 na 44 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwenye shingo na kifua, wakapona, wakaenda zao. Miaka 15 au 20 baadaye wakaanza kurudi hospitali: wasichana wakiwa na saratani ya matiti katika umri ambao dada zao hawajaanza hata kuifikiria, wengine wakiwa na tezi ya thairoidi shingoni iliyoacha kufanya kazi au mishipa ya moyo iliyoziba. Aliyepigwa akiwa mdogo sana alibaki na shingo nyembamba na mabega finyu, kwa kuwa mfupa uliopigwa mionzi haukui tena kama kawaida.

Dozi ikashushwa hadi karibu grei 20, kisha likaja swali kubwa zaidi: kuna anayeweza kupona bila mionzi kabisa? Utafiti wa Ulaya uitwao EuroNet-PHL-C1 ulijibu hivi: mpe mtoto mizunguko miwili ya dawa, halafu mpige picha ya PET, inayoonyesha kama uvimbe bado unakula sukari. Ukiwa umezimika vya kutosha, mionzi iachwe. Karibu 9 kati ya 10 ya watoto walioachiwa mionzi kwa njia hiyo walikaa miaka 5 bila ugonjwa kurudi.

Tupime basi. Ukiacha mionzi, uwezekano wa ugonjwa kurudi unapanda kidogo. Ukipokea mionzi, uwezekano huo unashuka, ila unaweka deni litakalodaiwa mtoto akiwa mtu mzima. Kinachoipindua mizani ni kwamba Hodgkin iliyorudi bado inatibika mara nyingi, lakini moyo uliopigwa mionzi haurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo PET ikiwa imezimika baada ya mizunguko miwili, na timu inafuata itifaki, yaani mpango wa tiba ulioandikwa, inayoruhusu, mimi ningeacha mionzi bila kusitasita, hasa kwa msichana anayebalehe, ambaye tishu ya matiti yake iko katika umri wa kudhurika zaidi. Uvimbe ukiwa bado unang'aa, ningeikubali.

Mantiki yote hii imesimama juu ya PET. Pasipo na PET, picha ya CT ya kawaida haiwezi kutofautisha kovu na uvimbe hai. Daktari anayependekeza mionzi katika hali hiyo hajapitwa na wakati. Anakisia kwa tahadhari, na ana sababu.

Mionzi ya protoni ni njia ya tatu. Husimama kwenye kina kilichopangwa badala ya kupenya hadi upande wa pili, hivyo moyo na mapafu hupata mionzi pungufu. Vituo vyenye mashine hiyo ni vichache.

Hodgkin: mchanganyiko upi wa dawa

ABVD ni mchanganyiko wa watu wazima uliozoeleka duniani kote: doksorubisini, bleomisini, vinblastini na dakabazini. Hutolewa bila kulazwa, na uzazi huachwa salama kwa sehemu kubwa. Kasoro yake imejificha kwenye hesabu. Mizunguko 6 humpa mtoto miligramu 300 za doksorubisini kwa kila mita ya mraba ya mwili, wakati madaktari wa moyo huanza kuhesabu hatari kubwa kuanzia 250. Bleomisini nayo hukausha mapafu.

OEPA na COPDAC ni njia ya Ulaya iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Mizunguko miwili ya OEPA ina miligramu 160 tu za doksorubisini, na COPDAC inayofuata haina hata tone. Bleomisini haimo kabisa. Malipo yanakuja kwingine: prednisoloni kwa wingi, inayovimbisha uso, kubadilisha tabia, na kwa vijana balehe pengine kuua kipande cha mfupa wa nyonga, na siklofosfamidi, ambayo ikijumlishwa hugusa uzazi. Toleo la zamani lilikuwa na prokabazini, na dawa hiyo iliwaacha wavulana wengi bila mbegu. Ukiona COPP kwenye karatasi ya mwanao wa kiume, uliza kama COPDAC haiwezekani. Ni herufi chache, lakini zinamaanisha dakabazini imechukua nafasi ya prokabazini.

Kisha zipo dawa mpya. Brentuksimabu vedotini ni kingamwili iliyobebeshwa sumu. Hushika alama ya CD30 juu ya seli ya Hodgkin na kuingia nayo ndani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022, wenye wagonjwa 587 wa miaka 2 hadi 21 wenye Hodgkin ya hatari kubwa, uliiweka mahali pa bleomisini. Baada ya miaka 3, asilimia 92.1 walikuwa hawajapata tatizo la ugonjwa, dhidi ya 82.5 kwa dawa za kawaida. Lakini zaidi ya nusu yao walipata mionzi pia.

Nivolumabu hufanya kazi tofauti: huondoa breki ambayo saratani imeikanyaga kwenye kinga ya mwili. Matokeo ya 2024, kwa wenye hatua ya III na IV (ugonjwa uliosambaa) kuanzia miaka 12, yaliilinganisha na brentuksimabu, zote mbili zikiwa zimeambatana na dawa tatu za zamani. Baada ya miaka 2, asilimia 92 upande wa nivolumabu ugonjwa wao ulikuwa haujaendelea wala kurudi, dhidi ya 83 upande wa brentuksimabu, na karibu hakuna aliyehitaji mionzi. Habari njema, bila shaka. Ila soma na hesabu ya chini: dawa hizo tatu zinarudisha doksorubisini ya miligramu 300. Unaondoa mionzi kifuani, unaongeza mzigo moyoni. Kinga iliyoachiwa breki nayo inaweza kuushambulia mwili wenyewe, na thairoidi mara nyingi huumia.

Kwa kijana wa miaka 15 mwenye hatua ya IV, nivolumabu ikipatikana ningeiuliza kwanza, pamoja na deksrazoksani ya kulinda moyo. Kwa mtoto wa miaka 7 mwenye tezi za shingoni tu, sioni sababu ya kuzikimbilia. Dawa za kawaida zinatosha, na kuuza nyumba ili kununua dawa mpya ambayo mtoto haihitaji si upendo uliopimwa.

Burkitt: nguvu kiasi gani

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Kampala alipoandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya. Miaka sita baadaye Epstein, Achong na Barr wakakuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua haraka zaidi: seli zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hapa mzazi anayeomba wiki moja ya kutafakari anaomba kitu ambacho hakipo.

Mbio hizo ndizo zinazoifanya ipone kwa dawa, na ndizo zinazoifanya itishe siku za mwanzo. Seli zikifa kwa wingi, takataka zake huziba figo. Ndiyo maana dripu huanza kabla ya dawa. Kuna dawa mbili za kulinda figo: aloprinoli huzuia asidi ya yuriki mpya isitengenezwe, rasburikasi huvunja ile iliyokwisha jaa. Ya pili ina nguvu na haraka zaidi, ila haifai kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa itavunja damu yake. Kama hali hiyo imo kwenye familia, isemwe mapema.

Uchaguzi mgumu ni wa ukali wa dawa. Itifaki kali, kama LMB ya Ufaransa na BFM ya Ujerumani, hutumia metotreksati ya dozi kubwa na sitarabini, na huponya karibu watoto 9 kati ya 10. Zinadai maabara inayopima kiwango cha metotreksati kila siku, damu ya kuongezea, na antibiotiki za uhakika saa yoyote. Itifaki nyepesi, zilizojengwa juu ya siklofosfamidi, huponya wachache zaidi lakini zinavumilika pale vitu hivyo vinapokosekana. Kwenye karatasi, kali inashinda. Wodini, itifaki kali bila maabara huua kwa maambukizi na figo mtoto ambaye nyepesi ingempa nafasi. Swali la kumuuliza daktari si "kwa nini hamtumii ile kali?" bali "mnaweza kupima metotreksati hapa, na kama hamwezi, kuna kituo cha kumhamishia leo?" Neno leo si la kupamba.

Rituksimabu, kingamwili inayoshika alama ya CD20, ikiongezwa kwenye itifaki kali imeleta tofauti kwa watoto wenye ugonjwa uliosambaa: asilimia 93.9 walikuwa hawajapata tatizo la ugonjwa baada ya miaka 3, dhidi ya 82.3 bila hiyo, katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2020. Kwa mwenye ugonjwa mdogo, anayepona hata bila hiyo, faida yake ni ndogo, na kinga hubaki dhaifu kwa miezi mingi. Kipimo cha homa ya ini ya B kifanywe kabla, kwani dawa hii huweza kukiamsha kirusi kilicholala.

Limfoblasti: safari ndefu

Hii hutibiwa kama leukemia ya ghafla ya limfu: miezi ya mwanzo mikali, kisha matengenezo ya vidonge nyumbani, jumla yake kama miaka 2. Kwenye dawa zenyewe mzazi hana la kuchagua sana. Sindano za uti wa mgongo zimechukua nafasi ya mionzi ya kichwa kwa watoto wengi, na hilo ni afueni kwa akili zao.

Mzazi ana mamlaka kwenye vidonge. Mtoto anacheza, nywele zimeota, anaonekana mzima, na kidonge cha jioni cha mekaptopurini kinaanza kuonekana kama usumbufu. Kwa leukemia imeonekana wazi kwamba dozi zinazorukwa hurudisha ugonjwa. Na metotreksati ya vidonge hunywewa mara moja kwa wiki. Ikinywewa kila siku kwa makosa inaweza kuua. Chagueni siku moja, iandikwe kwenye kisanduku chenyewe, na mtu mmoja nyumbani awe ndiye mtoaji.

Jambo jingine: vinkristini, mojawapo ya dawa za tiba hii, haipatani na baadhi ya dawa za fangasi, kama itrakonazoli na vorikonazoli. Zikikutana, mtoto anaweza kufunga choo vibaya na kuanza kuburuta vidole vya miguu. Daktari wa kliniki nyingine anayemwandikia dawa ya fangasi aonyeshwe orodha nzima.

Anaplastiki, na ugonjwa unaporudi

Anaplastiki ya seli kubwa nitaipita haraka. Hurudi mara nyingi zaidi kuliko ndugu zake, lakini hata ikirudi husikiliza dawa. Vinblastini peke yake, sindano moja kwa wiki, imewarudisha watoto wengi shuleni. Njia nyingine ni krizotinibu, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa watoto kuanzia mwaka 1 ambao ugonjwa wao una badiliko la ALK na umerudi. Kidonge hushinda kwa urahisi wa kumeza. Tatizo lake ni kwamba ugonjwa unaweza kurudi kinapoachwa.

Kwa ndugu wengine, ugonjwa ukirudi huletwa habari ya kupandikiza seli shina, zile zinazozaa seli za damu. Hodgkin hutumia za mtoto mwenyewe: zinachotwa, zinagandishwa, mtoto anapewa dozi kubwa ya dawa, kisha anarudishiwa. Limfoblasti huhitaji za mtu mwingine, kwa sababu kinga ya mgeni ndiyo inayowinda masalia. Gharama yake ni kwamba mgeni huyo anaweza kuwinda pia ngozi, ini na utumbo wa mwenyeji. Burkitt iliyorudi ni miongoni mwa zilizo ngumu zaidi, na ndiyo maana nimesisitiza kuipiga vizuri mara ya kwanza.

Uchaguzi mdogo ambao hauulizwi

Kanula ya mkononi au poti? Poti ni kifuko kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, na mrija wake huingia kwenye mshipa mkubwa. Kanula haina upasuaji, lakini kila mzunguko ni kutafutwa mshipa upya, na doksorubisini ikivuja nje ya mshipa hula nyama. Poti inahitaji nusukaputi kuiweka, na ikiingiwa na wadudu ni balaa. Kwa tiba inayozidi miezi michache, mimi ni mtu wa poti.

Uzazi nao. Mvulana aliyebalehe anaweza kuhifadhi mbegu kwa siku moja, kabla ya dozi ya kwanza. Msichana anaweza kuhifadhi tishu ya ovari kwa upasuaji mdogo, kama ugonjwa unatoa nafasi. Hodgkin mara nyingi hutoa, Burkitt haitoi. Mazungumzo haya huwatia wazazi aibu, daktari naye yuko mbioni, na mlango hufungwa kimyakimya. Mzazi ndiye ayaanzishe.

Joto la digrii 38 mtoto akiwa kwenye dawa halilinganishwi na chochote: ni hospitali usiku huohuo, si asubuhi, na si panado kwanza.

Siku ya mwisho ya tiba, kabla ya kengele na picha, omba karatasi moja yenye jumla ya doksorubisini kwa miligramu, jumla ya siklofosfamidi, na kama kulikuwa na mionzi, grei ngapi na wapi. Ipigwe picha, ihifadhiwe mahali pawili. Msichana aliyepigwa mionzi ya kifua anatakiwa kuanza uchunguzi wa matiti akifika miaka 25, au miaka 8 baada ya mionzi, kutegemea lipi linachelewa zaidi. Daktari atakayemwona siku hiyo huenda leo bado yuko darasani, na hatakuwa na njia nyingine ya kujua.